Vigae vitatu vya Manda: ni vya lini, na nivipige picha vipi?

Swali

Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Langoni, Lamu. Tuko wenzangu kama kumi tunaopenda historia, na kila mmoja akisafiri huwapelekea wengine picha za magofu, vitu vya kale, ndege na miti. Mwezi uliopita tulikwenda na mashua hadi kwenye mahame ya Manda. Bahari ilikuwa imekula ufuo, nikaona vigae vitatu vimelala pamoja. Niliviweka kiganjani nikavipiga picha, kisha nikavirudisha. Kimoja kina maua ya buluu, cha pili kina rangi ya feruzi, cha tatu ni cheusi kibaya kimekwaruzwa-kwaruzwa. Wenzangu wamegawanyika. Baadhi wasema cha buluu ni cha Wachina wa zama za Ming, wengine wasema ni sahani za juzi tu. Cha tatu hakuna aliyekitaja. Je, ni vya lini? Na ningevichukua nyumbani visichukuliwe na maji, ningekosea? Likizo hii tunakwenda Gede, kwenye magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, na nataka picha zangu safari hii ziwe na faida kwa mtu mwingine pia.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Picha zako nimekaa nazo jioni mbili, nikazikuza kwenye simu mpaka zikaanza kupasuka. Kabla ya yote, umefanya vyema sana kuvirudisha. Nitaeleza sababu baadaye, kwa kuwa sababu hiyo ndiyo jibu la nusu ya maswali yako.

Tuanze na cha buluu, maana ndicho kilichowagombanisha. Si cha Ming, ule ukoo wa wafalme wa Uchina wa karne ya 14 hadi ya 17. Tazama tena ua la kushoto na ua la kulia. Ni ua lile lile, na jani la chini limefifia upande ule ule katika yote mawili. Mkono wa mchoraji haujirudii hivyo. Hiyo ni chapa: kipande cha sponji kimekatwa umbo la ua, kikachovywa rangi, kikagongwa kuzunguka bakuli. Sasa shuka mpaka pale kilipovunjika, karibu na kidole gumba chako. Udongo ni mweupe, lakini mkavu kama chaki, na umekunywa uchafu wa maji ukawa na doa la hudhurungi. Kauri ya Kichina haifanyi hivyo. Ukiivunja, ukingo wake hung'aa kama kioo kilichopasuka, na maji hayapati pa kupenya. Kwa hiyo hilo lilikuwa bakuli la Ulaya, la mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa ya 20. Mabakuli mengi ya namna hiyo yaliyoingia pwani yetu yalitoka Maastricht, Uholanzi. Nyumba za Lamu zimejaa hayo. Ukiliona moja kwa bibi yako, ligeuze utazame kitako. Huenda ukakuta jina la mji huo limepigwa muhuri pale.

Wenzako waliodhani ni la Uchina hawakukosa msingi, na ningependa uwaambie hivyo. Kauri za Uchina zilifika hapa kweli, kwa karne nyingi. Watu wa miji hii walizipanga kwenye zidaka ukutani, wakazipachika kwenye vibla vya misikiti na kwenye makaburi. Kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini ya Malindi, lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Na hapo hapo Manda, mwaka 2013, wachimbaji walitoa sarafu yenye tundu la mraba katikati na jina la Yongle, mfalme wa Ming wa mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo Uchina imo katika ardhi ya Manda, ila haimo katika kigae chako.

Cha feruzi ndicho kilichonikalisha kitako. Ni kinene, karibu unene wa kidole chako kidogo. Kwa juu kina utando mzito wa kijani kinachokwenda buluu, na pale ulipobanduka udongo wa ndani ni wa manjano hafifu, laini, kama biskuti. Hizo ni dalili za mitungi mikubwa iliyotoka Iraki na Ghuba ya Uajemi kati ya karne ya 8 na ya 10. Ilisafiri jahazini ikiwa imejaa bidhaa, na ikimwagwa kilichomo hubaki nyumbani kuwekea akiba. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Manda, miaka ya 1960 na 1970, alikuta vigae vya mitungi hii kwa wingi katika matabaka ya chini kabisa ya mji. Mtu aliyeimimina mitungi hiyo aliishi Manda zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Sasa tuje kwa kile mlichokiruka. Umekiita kibaya, na ninaelewa, kwa kuwa hakina rangi wala utando. Lakini kikuze, utazame ile mikwaruzo. Ni pembetatu zilizopangwa mstari mmoja chini ya shingo ya chungu, na kila pembetatu imejazwa mistari ya kulala. Mtu aliichora kwa kijiti au kwa ncha ya kombe ya bahari udongo ukiwa bado mbichi. Chungu hicho hakikuja na jahazi. Kilifinyangwa huku huku, kati ya karne ya 7 na ya 10, na wataalamu wameupa ufinyanzi huo jina la mto wetu wa Tana. Vyungu vya pembetatu kama hizo vimepatikana kuanzia visiwa vya Lamu mpaka pwani ya Msumbiji na Komoro, na vilevile bara.

Unajua maana yake? Wachimbaji wa mwanzo waliamini kuwa miji hii ilijengwa na wageni waliotoka Arabuni na Uajemi, na kwamba wenyeji walikuja kuipokea tu. Kisha mwanaakiolojia Mark Horton akachimba mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka akafika kwenye alama za nguzo za miti za msikiti mdogo wa karne ya 8. Na katika matabaka hayo ya chini, vigae vilivyojaa ni hivi vya pembetatu, vingi kupita vya ng'ambo kwa mbali sana. Waliojenga na waliosali pale walikuwa watu wa pwani hii, wakipikia vyungu vyao wenyewe. Kile cheusi ulichokiona wewe ni cha hao. Ningekuwa mimi, picha hiyo ningeipeleka mbele ya zile mbili.

Lakini tazama jambo hili. Vigae vitatu vimelala shubiri moja mbali na mwenzake, na kati ya cha buluu na hivyo viwili vingine kuna miaka karibu 1,000. Imekuwaje? Bahari. Kusi linapovuma, mawimbi huukata ukingo wa ufuo, tabaka la juu na la chini huporomoka pamoja, na wavuvi wanaopiga kambi huacha mabakuli yao juu ya hayo yote. Kwa hiyo ufuoni, kukaa pamoja si ushahidi wa kuishi pamoja. Mtu akikuonyesha kigae cha Uchina na kigae cha Lamu alivyoviokota mahali pamoja, akakwambia viliuzwa siku moja, usikubali.

Ardhini ni tofauti, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kuvichukua. Kigae kilicholala ndani ya tabaka husema pamoja na mkaa ulio pembeni yake, mifupa ya samaki, shanga na sakafu iliyo chini yake. Ukikitoa, kinabaki kigae tu. Mkifika Gede mtaona jinsi hili lilivyo la kweli. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba pale mwaka 1948, akaendelea kwa miaka kama 10, na nyumba alizozifukua zikapewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Kitu kidogo kama mkasi kimeipa jina nyumba nzima kwa sababu kuna mtu aliyeandika chumba gani kilitoka. Laiti mkasi ule ungaliokotwa na mpita njia, leo ungekuwa chuma chenye kutu katika droo ya mtu, na nyumba ingekuwa kuta tupu.

Hata vile vya ufuoni, vilivyokwisha kuporomoka, viache. Vikiwa vingi mahali pamoja humwonyesha mtaalamu ni upande gani wa mji unaoliwa na maji, na kwa kasi gani. Wewe chukua picha, na picha hiyo iwe na kila kitu ambacho ungekipoteza kwa kukiokota.

Namna ya kuipiga sasa. Kwanza simama mbali: piga ufuo wote, pamoja na mikoko au mbuyu au ukuta ulio nyuma, ili mtu mwingine aweze kusimama pale uliposimama. Kisha sogea hatua chache, piga kigae kikiwa kimelala kama ulivyokikuta, bila kukigusa. Kisha inama. Hapa ndipo wengi hukosea, na wewe pia: kiganja si kipimo. Mkono wako na wangu si sawa, na mtu aliye Mombasa hawezi kujua kigae kina ukubwa gani. Beba rula ndogo ya shule, ile ya sentimita 15, uilaze pembeni ya kigae usawa mmoja nacho, si juu yake. Piga mbele, piga nyuma, halafu piga ule ukingo uliovunjika, karibu uwezavyo, mpaka chembe za udongo zionekane. Umeona mwenyewe: ugomvi wenu wa Ming umetatuliwa na ukingo, tena kwa bahati, kwa kuwa kidole chako kiliinama kidogo. Ukihitaji kukigeuza, kigeuze hapo hapo, ukirudishe kwenye alama yake mchangani.

Mwanga una siri mbili zinazopingana. Kigae chenye utando unaong'aa kipigie kivulini, hata kivuli cha mwili wako kinatosha, la sivyo jua litaacha doa jeupe na rangi itapotea. Kigae kilichochorwa kwa kukwaruzwa, kama kile cha pembetatu, au maandishi kwenye jiwe la kaburi, hutaka jua la ubavuni, saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, ili kila mfereji utupe kivuli chake. Saa sita mchana maandishi yaliyolika huonekana kama jiwe laini. Flashi iache. Na safari yako ipange na bamvua, maji yakitoka sana, ndipo ukingo wa ufuo huonekana wote na unapata nafasi ya kusimama.

Usikiloweshe kigae ili rangi ing'ae, wala usikisugue. Juu ya hili nina kidonda. Miaka mingi nyuma kijana mmoja aliniletea sarafu ya shaba aliyoipata karibu na kisima cha kale. Aliniletea kwa furaha, imefungwa kwenye leso, inameta kama imetoka dukani. Alikuwa ameichovya kwenye ndimu usiku kucha akaisugua kwa jivu, kwa nia njema kabisa, ili nisome vizuri. Niligeuza upande huu, nikageuza upande ule. Palikuwa na duara ya vinukta pembeni, na katikati palipokuwa na jina la mtawala palikuwa laini kama ukucha. Ile kutu ya kijani aliyoitoa ndiyo iliyokuwa imelishika lile jina. Angalikuwa ameipiga picha kabla ya ndimu, tungekuwa nalo.

Jioni hiyo hiyo, ukiwa bado na mchanga miguuni, andika: tarehe, mahali, hali ya maji, nani mlikuwa naye, na kigae kilikuwa juu ya mchanga au kilitokeza kwenye ukingo wa udongo. Neno moja hilo la mwisho, juu au ndani, laweza kubadilisha kila kitu. Mistari mitano yatosha. Picha isiyo na mistari hiyo ni nzuri ya kutazama siku moja.

Usidhani nakuza mambo. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa mbele ya vigango viwili, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kuwakilisha marehemu, alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango vile viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, Udvardy akakiona kimoja katika slaidi: kilikuwa katika jumba la makumbusho huko Illinois. Cha pili kikagunduliwa katika jumba jingine, Virginia. Kilichothibitisha ni ile picha yenye mwaka, mahali na mwenyewe amesimama pembeni. Mwaka 2007 vigango vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya. Mzee alikuwa ameshafariki, lakini familia yake iliwapokea ndugu zao.

Hadithi hiyo inanileta kwenye jambo ambalo vijana mnaopelekeana picha hamlifikirii sana. Andika mahali kwa usahihi kabisa, lakini usimtangazie kila mtu. Simu nyingi huficha ndani ya picha alama ya mahali ilipopigwa, na picha ikipita mikono kumi hujui ya kumi na moja ni ya nani. Wapo wanaozunguka kutafuta vigango, milango na mabakuli ya makaburini. Kwa wenzako waambie "kisiwani Manda". Zima alama ya mahali kabla ya kutuma, na picha yenye maelezo kamili ipeleke makumbusho ya Lamu, pale ufuoni. Hiyo ni haki yao kisheria pia. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kiakiolojia kutoa taarifa ndani ya siku 7, akionyesha mahali hasa alipokikuta. Kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabika kuwa cha kale, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1946 inalindwa nayo, hata ule wa nyumbani kwenu ikiwa ni wa zamani hiyo. Siku zako 7 za vigae vya Manda zimepita, lakini nenda tu, kesho ikiwezekana.

Kuhusu Gede, nafurahi mnakwenda. Mkifika Malindi, magofu yako kilomita kama 15 kusini, njia ya kwenda Watamu, ndani ya msitu. Mji huo umelindwa tangu 1927, na mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia, kama ilivyofanya kwa mji wenu wa Lamu mwaka 2001. Nendeni mapema asubuhi. Tafuteni kwanza kaburi lenye tarehe, lililoandikwa 802 Hijria, yaani 1399, muone jua la ubavuni linavyofanya kazi juu ya plasta. Kwenye makaburi na kuta mtaona pia mashimo ya duara ambayo ndani yake palikuwa na bakuli. Pigeni mashimo hayo pamoja na rula. Watu hulipita shimo kwa kuwa ni tupu, na kumbe upana wake na kina chake vinaeleza bakuli lilikuwa la namna gani hata kama limeng'olewa zamani.

Na kwa kuwa mnapenda miti na wanyama, Gede itawapa vyote kwa mpigo. Kima watawajia wenyewe, angalieni vyakula vyenu. Sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye makao yake makuu ni msitu wa jirani wa Arabuko-Sokoke, hupita mbio kwenye majani makavu, na anayetaka picha yake hukaa kimya akasubiri. Lakini mimi nawaomba picha moja isiyo ya haraka: ukuta wenye mizizi. Mti mkubwa unapokaa juu ya ukuta wa matumbawe, mizizi huushika na pia huupasua. Chagueni mahali pamoja, weka rula, pimeni ufa, andikeni mliposimama. Mwakani mkipita tena simameni pale pale. Picha mbili za ufa mmoja, zilizopishana mwaka, zina kazi kubwa kwa watunzaji wa magofu kuliko picha mia za mlango wa kasri, ambao kila mgeni huupiga.

Kwenye misikiti na makaburi, ombeni ruhusa kwa mlinzi au kwa wenyeji. Haya si mahame kwa kila mtu. Takwa, hapo hapo Manda kwenu, watu wa Shela bado huenda kwenye kaburi la mnara kuomba mvua. Ukiwakuta, kamera iweke chini mpaka wamalize.

Nimebakiwa na ombi. Mkipata bamvua kabla ya safari, rudini mahali pale mkiwa na barua au mtu wa makumbusho, mkitafute kile cheusi. Katika picha yako sehemu ya juu imefunikwa na kidole. Ikiwa ukingo ule ni mdomo wa chungu wenyewe, si mahali kilipovunjika, nipigie kutoka juu kabisa na rula ikiwa pembeni. Mviringo wa kipande kidogo cha mdomo unatosha kupima upana wa chungu kizima, na hapo nitakwambia kama kilikuwa cha kupikia watu wawili au cha kupikia karamu.